Fedha Ndogo Zitangulie: Kuhusu Ufadhili wa Wanafunzi wa Honazi Marekani

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wa programu ya honazi katika chuo ninachofundisha huja ofisini kwangu wakiwa na majina yale yale midomoni: Rhodes, Marshall, Fulbright, na siku hizi Schwarzman, yaani ufadhili mkubwa wa kwenda nje ya Marekani baada ya shahada ya kwanza. Wengi wao wako mwaka wa tatu, wana matokeo mazuri mno, na wanataka kujua jinsi ya kuandika maombi yatakayoshinda. Jibu langu huwavunja moyo kidogo, kwa sababu huwauliza kwanza wamewahi kuomba nini hapa hapa chuoni, hata kama ni dola mia chache za nauli ya kwenda kusoma nyaraka katika maktaba ya mbali. Aliyewahi kuomba fedha hizo ndogo, akazipata na kuzitolea hesabu, tayari anayo sehemu kubwa ya kile kinachohitajika katika maombi makubwa. Ambaye hajawahi, hata awe na alama za juu kiasi gani, huanza kutafuta la kuandika wakati wenzake wanatafuta namna ya kufupisha waliyo nayo.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na utaratibu huu, honazi ni programu maalumu, na katika vyuo vikuu vingine ni chuo kidogo ndani ya chuo kikuu, inayowachukua wanafunzi wa shahada ya kwanza wenye ufaulu wa juu na kuwapa madarasa madogo, semina, usimamizi wa karibu na, mwishoni, tasnifu ya kuandika. Uhusiano wake na ufadhili mkubwa ni wa tangu mwanzo. Frank Aydelotte, Mmarekani aliyekwenda kusoma Oxford mwaka 1905 kwa ufadhili wa Rhodes, alipokuwa rais wa Chuo cha Swarthmore huko Pennsylvania mwaka 1921 hakupendezwa na utaratibu wa kuwapitisha wanafunzi wenye uwezo mkubwa katika mihadhara na majaribio yale yale ya kila mtu. Mwaka 1922 alianzisha mpango ambao wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho walisoma katika semina ndogo na kutahiniwa na watahini waliotoka nje ya chuo, kwa mfano wa Oxford. Huyo huyo Aydelotte alikuwa kwa miaka mingi katibu wa mfuko wa Rhodes nchini Marekani. Kwa hiyo si ajabu kwamba ofisi inayoshughulikia maombi ya skolashipu kubwa, katika vyuo vingi, hukaa jengo moja na ofisi ya honazi, na pengine huongozwa na mtu mmoja.

(Mtu hana haja ya kumpenda Cecil Rhodes, ambaye historia yake kusini mwa Afrika tunaijua, ili aombe fedha zilizotokana na wosia wake baada ya kifo chake mwaka 1902. Inafaa lakini kukumbuka kwamba wanawake walifungiwa nje ya ufadhili huo mpaka miaka ya 1970, na kwamba Alain Locke, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuupata, aliupata mwaka 1907, kisha ikapita zaidi ya nusu karne kabla ya kupatikana mwingine.)

Fedha za kwanza za honazi hutolewa kabla mwanafunzi hajaingia darasani. Vyuo vikuu vya umma, ambavyo hushindania wanafunzi wenye alama za juu dhidi ya vyuo binafsi vyenye majina makubwa, hutumia nafasi ya honazi pamoja na punguzo la ada kuwa kivutio. Hapa wazazi wengi hukosea hesabu. Vyuo vikuu vinane vya Ivy League, kundi la vyuo binafsi mashuhuri kama Harvard na Yale, havitoi ufadhili kwa kigezo cha alama. Msaada wao hutegemea hali ya kifedha ya familia. Familia ya kipato cha kati inayodhani kwamba binti yao atapewa punguzo kwa sababu ya akili yake inaweza kukuta kwamba chuo cha umma cha jimbo lao, kupitia honazi, kinatoa zaidi. Vipo pia vyuo vya umma vyenye skolashipu nzito kwa kundi dogo sana la wanafunzi. Morehead-Cain ya Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill, iliyoanzishwa mwaka 1945 kwa kufuata mfano wa Rhodes, hugharimia miaka yote minne pamoja na shughuli za kiangazi.

Fedha hizi za kuingilia nisingetaka kuzisifu kupita kiasi. Nyingi huja na sharti la kutoshuka chini ya wastani fulani wa alama, na sharti hilo hufanya kazi ambayo waliolitunga hawakuikusudia: mwanafunzi aliyeletwa chuoni ili ajaribu mambo magumu huanza kuyakwepa, akichagua kozi ambayo ana uhakika nayo badala ya ile ya fizikia au ya lugha ngeni ambayo ingempa alama ya kati. Kabla ya kusaini barua ya ufadhili, mwanafunzi aulize mambo mawili: wastani hupimwa kila muhula au kila mwaka, na je, anayeteleza mara moja hupewa muda wa kujirekebisha au hukatiwa papo hapo? Vyuo hutofautiana sana katika hilo, na tofauti hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko dola elfu moja za nyongeza.

Sasa nije kwenye fedha ndogo, ambazo ndizo ninazozitetea. Programu nyingi za honazi zina fungu la ruzuku kwa ajili ya tasnifu, utafiti wa kiangazi, vifaa, na nauli ya kwenda kuwasilisha matokeo katika kongamano. Makongamano hayo yapo ya kutosha: National Conference on Undergraduate Research imekuwa ikiwakutanisha wanafunzi wa shahada ya kwanza tangu mwaka 1987, na National Collegiate Honors Council, umoja wa programu za honazi ulioundwa mwaka 1966, huwapokea wanafunzi katika mkutano wake wa kila mwaka. Jambo la kushangaza, na nimelishuhudia nikiwa mjumbe wa kamati inayogawa fedha hizo, ni kwamba waombaji huwa wachache kuliko mtu anavyotarajia, na walio mwaka wa kwanza au wa pili huwa wachache zaidi, kwa kuwa kila mmoja anadhani fedha za utafiti ni za wakubwa wake.

Andiko la kuomba ruzuku ya namna hii huwa na kurasa mbili au tatu, na kamati inayolisoma huwa na mwalimu wa muziki, mwalimu wa kemia na mwalimu wa uchumi wakiwa wamekaa meza moja. Hapo ndipo penye mtihani wenyewe. Mwanafunzi wa biolojia aliyezoea kumwandikia msimamizi wake lazima amweleze mwalimu wa muziki kwa nini bakteria wa kijito fulani wanastahili kuhesabiwa mara mbili kwa mwezi, na aeleze hivyo bila kumrahisishia mwalimu wa kemia mpaka akachukia. Anayeandika kwamba “utafiti huu utaleta mchango mkubwa katika sayansi ya mazingira” hajasema kitu. Anayeandika kwamba kijito hicho hupimwa na manispaa mara moja tu kwa mwaka, wakati wa kiangazi, na kwamba yeye anataka kujua kinachotokea baada ya mvua za masika, amekwisha kusema swali lake, sababu ya swali, na namna ya kulijibu, yote katika sentensi moja.

Bajeti nayo husomwa kuliko waombaji wanavyodhani. Mstari unaosema “gharama za utafiti, dola 800” humfanya mjumbe ashuku kwamba hakuna mpango. Bajeti inayotaja chupa za sampuli, idadi ya safari, bei ya vitendanishi na jinsi ilivyopatikana, na hata kifaa ambacho mwanafunzi ataazima badala ya kununua, huonyesha mtu ambaye tayari yuko kazini. Nimewahi kuona wajumbe wakiliongezea fedha andiko ambalo liliomba kidogo mno kwa kazi iliyoelezwa. Andiko lililoomba kiwango cha juu kabisa kwa kuwa tu kiwango hicho kipo, sikumbuki likipita bila mjadala mkali.

Faida ya zoezi hili hujulikana baadaye, mwanafunzi anapofungua fomu ya skolashipu ya Goldwater. Skolashipu hiyo, iliyoanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1986 kwa heshima ya Seneta Barry Goldwater, huwalenga wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wa sayansi asilia, uhandisi na hisabati, na hutoa hadi dola 7,500 kwa mwaka. Miongoni mwa vitu inavyovitaka ni insha kuhusu utafiti ambao mwombaji mwenyewe ameshiriki. Maombi hufungwa mwezi Januari. Ukihesabu kurudi nyuma, utaona kwamba anayetaka kuomba akiwa mwaka wa pili alipaswa kuwa ameingia maabara tangu mwaka wa kwanza, na njia ya kawaida ya kuingia maabara bila kuwa mzigo kwa mwenye maabara ni kufika na ruzuku yako, hata iwe ndogo. Wenye bahati hupata pia kiangazi kimoja katika programu za REU (Research Experiences for Undergraduates, za utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza) zinazogharimiwa na National Science Foundation, taasisi ya serikali kuu inayofadhili sayansi, ambazo kwa kawaida huchukua takriban wiki kumi katika chuo kingine, kwa posho na mara nyingi malazi. Nafasi hizo nazo huwapendelea kimyakimya wale ambao wamewahi kushika vifaa vya maabara.

Skolashipu ya Truman haihusiani na maabara, lakini mantiki yake haiko mbali. Bunge liliianzisha mwaka 1975 kuwa ukumbusho wa Rais Harry Truman. Huwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaokusudia kufanya kazi ya utumishi wa umma hadi dola 30,000 za masomo ya juu, na aliyeipata huwajibika kufanya kazi hiyo kwa miaka mitatu kati ya saba inayofuata masomo hayo. Fomu yake humtaka mwombaji aandike pendekezo la sera kuhusu tatizo analolijua, na anayejua tatizo ni yule aliyewahi kulikaribia: aliyefanya tasnifu yake juu ya nyumba za kupanga, kwa mfano, akakaa mahakamani akisikiliza kesi za kufukuzwa wapangaji kwa nauli aliyolipiwa na honazi. Skolashipu ya Udall nayo hutoa hadi dola 7,000 kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wanaojishughulisha na mazingira, au, kwa Wamarekani Wenyeji, na afya au sera za makabila yao.

Kuna jambo la tarehe ambalo huwakwamisha watu wazuri kila mwaka. Goldwater, Truman, Udall na Marshall hazipokei maombi ya mtu aliyejiendea peke yake. Chuo ndicho huteua, na kwa Goldwater na Truman idadi ya kawaida ya wateule ni wanne tu kwa chuo, pamoja na nafasi chache za ziada kwa waliohamia kutoka vyuo vingine. Hivyo kuna shindano la ndani kabla ya shindano la taifa, na tarehe inayosomeka katika tovuti ya skolashipu si tarehe ya mwanafunzi. Skolashipu inayofungwa Januari huweza kuwa na mwisho wa ndani mwezi Oktoba au Novemba. Rhodes na Marshall, ambazo hufungwa mwanzoni mwa muhula wa kwanza wa mwaka wa mwisho, humlazimu mwombaji aanze kuandika kabla ya likizo ndefu, wakati ambapo walimu wanaotakiwa kuandika barua za mapendekezo wametawanyika.

Kuhusu barua hizo nitasema machache. Mwalimu wa darasa la watu 300 anaweza kuandika kwamba mwanafunzi alipata A, jambo ambalo nakala ya matokeo imekwisha kulisema. Mwalimu wa semina ya watu 12 anaweza kuandika kwamba mwanafunzi huyo alibadilisha msimamo wake katikati ya muhula baada ya kusoma ushahidi mpya, na kwamba alirudi wiki iliyofuata na swali ambalo mwalimu mwenyewe hakuwa na jibu lake. Nikiulizwa thamani halisi ya honazi katika suala la ufadhili, nitataja semina hizo kabla ya kutaja dola yoyote. Mwombe mwalimu wako barua mapema, mpelekee rasimu ya insha na andiko lako la ruzuku, na umweleze waziwazi ni upande gani wa kazi yako ungependa yeye aueleze, kwa sababu barua tatu zinazosema jambo moja zina uzito wa barua moja.

Wanaotaka kusoma nje ya Marekani wana mlango ambao Waswahili tungepaswa kuufahamu zaidi. Skolashipu ya Gilman huwasaidia wanafunzi wanaopokea ruzuku ya serikali ya Pell, yaani wale wa familia zenye kipato kidogo, kwenda kusoma nchi nyingine, na ya Boren hutoa hadi dola 25,000 kwa anayesoma lugha na nchi zenye umuhimu kwa usalama wa Marekani, kwa sharti la kuitumikia serikali kuu kwa angalau mwaka mmoja. Critical Language Scholarship ya Wizara ya Mambo ya Nje hugharimia masomo ya lugha wakati wa kiangazi. Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha zinazofundishwa chini ya mpango huo na ule wa Boren, na wanafunzi wamekuwa wakipelekwa Arusha. Kijana raia wa Marekani aliyekulia katika nyumba inayozungumza Kiswahili, lakini asiyeweza kukiandika, anayo sababu njema ya kuzitazama programu hizi, na hata hivyo ni nadra kumsikia mzazi wa kwetu akizitaja. Labda tunaona haya kwamba mtoto aende kufundishwa lugha ambayo tulipaswa kumpa sisi.

Uraia ndio ukuta mkubwa kwa wengi wanaosoma maneno haya. Truman, Marshall, Gilman, Boren na Critical Language Scholarship ni za raia wa Marekani, au watu wenye hadhi inayokaribiana na uraia. Goldwater na REU huwakubali pia wenye ukaazi wa kudumu. Mwanafunzi aliyeko Marekani kwa viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi mgeni, asipoteze majira ya vuli akijaza fomu ambazo hazimhusu. Fedha za ndani ya honazi, hasa zile zinazotokana na michango ya wahitimu wa zamani, mara nyingi haziulizi uraia, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanzia hapo. Kwa masomo ya uzamili, Gates Cambridge, iliyoanzishwa mwaka 2000, huwapokea watu wa nchi zote isipokuwa Uingereza. Knight-Hennessy ya Chuo Kikuu cha Stanford na Schwarzman ya Chuo Kikuu cha Tsinghua mjini Beijing hazibagui uraia. Na Rhodes ina nafasi zilizotengwa kwa kanda mbalimbali za dunia, Afrika Mashariki ikiwamo. Mwenye viza ya F-1 aulize pia, kabla ya kupokea fedha za utafiti, kama chuo kinazihesabu kuwa ruzuku au mshahara, kwa sababu kazi ya ndani ya chuo ina kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula.

Ikishapatikana fedha, hesabu haijaisha. Vyuo vingi hupunguza msaada wao pale mwanafunzi anapopata skolashipu kutoka nje, na upunguzaji huo ukianzia kwenye ruzuku badala ya mkopo, mwanafunzi huwa amefanya kazi ya kukiokolea chuo fedha. Maryland ilikuwa jimbo la kwanza kuvizuia vyuo vyake vya umma kufanya hivyo, mwaka 2017, na majimbo mengine kadhaa yamefuata kwa namna zao. Popote ulipo, iandikie ofisi ya msaada wa kifedha barua pepe, na usiridhike na jibu la mdomo, ukiuliza ni kipi kitapunguzwa kwanza: mkopo, kazi ya muda, au ruzuku. Nimeona ofisi zikikubali kuanza na mkopo kwa sababu tu mwanafunzi aliuliza kabla fedha hazijaingia.

Kisha kuna kodi. Kwa sheria ya kodi ya Marekani, sehemu ya skolashipu inayolipia ada, pamoja na vitabu na vifaa vinavyotakiwa na kozi, haitozwi kodi kwa mwanafunzi anayesomea shahada, lakini sehemu inayolipia chakula, malazi na nauli ni kipato. Mwanafunzi mgeni wa viza ya F-1 ambaye bado hahesabiwi kuwa mkaazi kikodi kwa kawaida hukatwa asilimia 14 ya sehemu hiyo na chuo chenyewe, kabla hajaigusa, isipokuwa nchi yake iwe na mkataba wa kodi unaomwondolea makato hayo. Raia hakatwi chochote siku ya malipo, na kwa sababu hiyo wapo wanaoimaliza posho yote ya kiangazi kabla ya Septemba, kisha ikifika Aprili wakatakiwa kuilipia kodi kutoka katika fedha ambazo hawana tena.